Feruzi Isiyogeuka Rangi

Mama mkwe wangu alikuwa na pete moja tu, na hakuivua hata alipokanda unga wa maandazi. Ilikuwa ya fedha, nene, imejaa mikwaruzo, na juu yake palikaa jiwe la bluu lenye ukubwa wa punje ya hindi. Lilikuwa feruzi. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na ndivyo walivyosema watu wote wa Magomeni, pale Kilosa. Niliolewa katika nyumba ile miaka michache baada ya Uhuru, na majirani walinieleza habari za pete hiyo kabla sijajua hata kisima kiko upande gani.

Ilikuwa mahari yake. Alipokuwa msichana alifanya kazi za ndani kwa sonara mmoja mjini, akifagia chini ya meza yake na kukusanya chenga za fedha, na kijana aliyekuja kumposa alikwenda kwa sonara huyohuyo kununua pete. Nilipofika mimi, kijana huyo alikuwa marehemu wa siku nyingi. Mtoto wao wa pekee aliyebaki hai ndiye aliyekuwa mume wangu. Alikuwa gadi wa treni. Akiondoka Kilosa leo kwenda upande wa Tabora, tulimwona tena baada ya siku nne au tano, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili: mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye sketi iliyopigwa pasi, na yeye, mwuza maandazi asiyejua herufi hata moja.

Jioni tulikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba tukichambua kunde, naye akinisimulia mambo aliyoyasikia kwa sonara.

"Lulu, mwanangu, ni tone la mvua," alisema. "Chaza hupanda juu ya maji mvua ikinyesha, akafungua mdomo, tone moja likaingia. Akaufunga, akazama nalo. Likikaa sana tumboni mwake ndiyo linakuwa lulu."

"Na yakuti?"

"Yakuti ni kaa la moto lililosahau kuzimika. Ndiyo maana askari wa zamani walilivaa. Damu ikiliona inaona haya kutoka."

Zumaridi, alisema, nyoka akiitazama macho yake hupasuka. Akiki huondoa hasira, aliyeivaa hawezi kumwinulia mtu mkono. "Baba yangu alivaa akiki," aliongeza, "na akatupiga vilevile." Kisha akacheka mpaka kunde zikamwagika.

Feruzi aliiacha ya mwisho kila mara. Feruzi, alisema, huugua pamoja na mwenyewe. Ukikaribia kupatwa na jambo, hupauka au hugeuka kijani, na hatari ikipita hurudia rangi yake. Watu wa Magomeni walikuwa wakiitazama ya kwake kila walipomwamkia. "Shikamoo, bibi," walisema, na macho yao yakishuka kwenye kidole. Haikuwa imegeuka hata siku moja. Walisema ni kwa sababu moyo wake ni safi.

Hakuwa mkunga. Mkunga wa mtaa alikuwa mtu mwingine, lakini mwanamke akishikwa na uchungu, hasa wa mimba ya kwanza, mkunga alituma mama mkwe wangu naye aitwe. Nilimsindikiza mara mbili tatu. Alikaa kando ya kitanda, akavua pete, akaiweka katika kiganja cha yule mwanamke na kumfumba vidole. "Ibane," alimwambia. "Ibane utakavyo, haivunjiki." Hakusema zaidi ya hapo. Wanawake walibana, walilia, walijifungua. Asubuhi pete ilirudi kidoleni, nasi tulikwenda kukanda unga.

Ilinikera. Leo naweza kusema hivyo bila kujificha. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikiamini kwamba nchi yetu ilikuwa na maadui watatu, na mmoja wao, ujinga, nilikuwa ninalala naye nyumba moja. Nilimpenda mama mkwe wangu. Alinipikia, alinilelea mtoto wangu wa kwanza nilipokuwa kazini, hakuwahi kunisema kwa jirani. Lakini kila nilipoona mtu akiitazama pete ile kwa matumaini, kitu kilinichoma rohoni, kama vile mtu ananitania.

Serikali ilipotaka watu wazima wote wajue kusoma na kuandika, nilipewa darasa la akina mama, alasiri tatu kwa juma. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga mbao, khanga zimefungwa vizuri kama wanakwenda harusini. Mama mkwe wangu alikuja tangu siku ya kwanza. Akivuka mlango wa darasa aliacha kuniita mwanangu. Aliniita mwalimu, na alisimama kujibu, ingawa niliwaambia wote hakuna haja ya kusimama. Kwa miezi michache alifika mbali. Aliandika jina lake, la mumewe, la mwanawe. Njiani alisoma kwa sauti vibao vya maduka, akinishika mkono kila alipopatia.

Ndipo nilipopelekwa Mikumi kwenye semina ya walimu wa sayansi, juma moja. Tulipanda treni ya tawi linalokwenda Kidatu, tukalazwa katika banda la shule. Siku ya tatu alikuja bwana mmoja mpima miamba, mwembamba, mpole, aliyekuwa amepiga kambi karibu na hapo. Alitupeleka kwenye kijito kilichokauka akatuonyesha mawe mekundu yaliyochanganyika na mchanga. Yalikuwa na pande nyingi zilizolingana, kama yamechongwa na mtu. Aliyaita ganeti. Alisema ni mengi mno, na mengi yana nyufa ndani, hayafai kitu kwa sonara. Kisha akatoa mfukoni jiwe lake jekundu dogo, yakuti, akaliweka kwenye makaa. Lilipopata moto sana likageuka kijani. Alilitoa kwa koleo, tukalizunguka, na likaanza kurudia wekundu wake polepole mbele ya macho yetu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilisahau hata kuandika.

Jioni ile nilimfuata.

"Samahani, bwana. Ni kweli kwamba feruzi hugeuka rangi mwenye nayo akiugua?"

Alicheka kidogo. "Kugeuka hugeuka. Ila si kwa sababu hiyo. Feruzi ni jiwe lenye vitundu vidogo sana, linakunywa. Linakunywa jasho, sabuni, mafuta. Mgonjwa hutoka jasho la homa, anapakwa dawa, basi jiwe linabadilika. Mpishi akivaa feruzi miaka miwili, itakuwa kijani kama jani la mgomba."

Nikafikiria maandazi. Miaka yote ile ya mikono katika unga na mafuta, na jiwe la bluu halikubadilika hata chembe. Sikumwambia bwana yule kitu. Aliponipa lenzi yake ya zamani, iliyovunjika mpini, akanieleza jinsi ya kutambua kioo kilichotiwa rangi, nilisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza somo lolote. Nilifurahi. Hilo ndilo ninalolijutia kabla ya yote mengine: kwamba nilipotambua, moyo wangu ulifurahi.

Juma lililofuata niliingia darasani na lenzi yangu na ganeti tano katika kiberiti. Kina mama waliacha herufi, wakajazana mezani kwangu. Kila mmoja alitazama, wakashangaa jinsi punje ya mchanga ilivyokuwa kubwa kama embe. Niliwaeleza habari ya jiwe linalogeuka kijani motoni na kurudi. Walikuwa wananisikiliza vizuri sana siku ile.

Mwanamke mmoja kijana, jirani yetu, aliyekuwa na mimba ya kwanza ya miezi saba hivi, akasema, "Mwalimu, tutazamie na feruzi ya bibi."

Wote wakamgeukia mama mkwe wangu. Alikuwa amebaki kwenye dawati lake.

"Hii ya zamani," alisema. "Iacheni. Mwalimu ana kazi."

"Ni dakika moja tu, mama," nilisema, nikanyoosha mkono.

Alinitazama. Nimeyarudia macho yale mara nyingi tangu siku hiyo. Hayakuwa ya hasira wala ya woga. Alikuwa ananisubiri tu, kama mtu anayekupa nafasi ya kuushusha mkono. Sikuushusha. Akavua pete, akasimama, akaniletea.

Niliisogeza kwenye dirisha. Ndani ya bluu ile kulikuwa na viputo vidogo vya hewa, mviringo kabisa, kama vya soda. Pembeni palikuwa pamemeguka kidogo, na pale palipomeguka palimeremeta kama ukingo wa chupa. Feruzi ya kweli ikimeguka haimeremeti. Nilikuwa na hakika. Na nilikuwa na muda pia. Ningeweza kumrudishia na kusema, "Ni nzuri, mama." Ningeweza kusema sijui. Walimu husema sijui mara ngapi, dunia ikaendelea?

"Hii si feruzi," nilisema. "Ni kioo."

Hakuna aliyenizuia, nami nikaendelea. Nikawaonyesha viputo, nikamwita kila mmoja atazame. Nikaeleza kwa nini haijageuka rangi. Nikaeleza habari za imani zisizo na msingi, na maendeleo, na jinsi taifa lisivyoweza kujengwa na watu wanaotumainia vipande vya chupa. Nadhani nilisema hivyo hasa, vipande vya chupa. Yule mwenye mimba aliweka lenzi mezani na kurudi kwenye dawati lake bila kuniangalia.

Mama mkwe wangu alinyoosha kiganja. Nikamwekea pete. Akaivaa, akakaa, akafungua daftari lake.

"Tuendelee na somo, mwalimu," alisema.

Alasiri iliyofuata hakuja darasani. Alisema maandazi yamekuwa mengi. Alasiri nyingine alisema macho yanamuuma. Hakurudi tena. Nyumbani alikuwa vilevile, akinitengea chakula, akimbeba mtoto, akiitikia shikamoo yangu kwa marahaba iliyojaa. Tofauti ilikuwa ndogo. Alikuwa amevua pete. Na hadithi za jioni zilikwisha. Tulichambua kunde tukizungumza bei ya unga na homa za watoto.

Yule jirani kijana alijifungulia hospitali ya mjini, mtoto mzima, mama mzima. Nilikwenda kumpa pongezi nikiwa nimebeba uji. Alinishukuru, kisha akasema, akimtazama mtoto, "Nilimtaka bibi, mwalimu. Nilikuwa na hofu sana. Lakini mama wa mume wangu alikataa asiitwe. Alisema aje afanye nini, na pete yake ya chupa." Niliweka uji chini nikaondoka mapema.

Mume wangu alirudi safari asubuhi moja, na habari alikuwa ameshazipata stesheni, kwa mwuza kahawa. Hakunisalimia. Aliweka taa yake na bendera zake kwenye kona, akakaa kitandani na viatu miguuni.

"Ulimwambia mama mbele ya watu kwamba pete yake ni kioo?"

"Ni kioo kweli," nilisema. "Nilipima."

"Najua ni kioo. Nilikuwepo kilipowekwa."

Akanieleza. Alipofaulu kwenda shule ya kati ya bweni, baba yake alikuwa amekufa mwaka uleule. Alihitaji shuka, viatu, sanduku, ada. Mama yake alimshika mkono wakaenda kwa sonara. Sonara alilikongoa jiwe mbele yao kwa koleo ndogo, akaliweka kwenye pamba, na kwa huruma akatafuta katika droo kipande cha kioo cha rangi ileile akakipachika, ili pete isibaki na shimo.

"Njiani aliniapisha nisimwambie mtu," mume wangu alisema. "Hakutaka niende shule nikijua watu wananihesabu kuwa nimekula mahari ya mama yangu. Sikukwambia hata wewe. Sasa niambie, mwenzangu, nani alikuwa mjinga pale darasani?"

Nilitoka nje. Mama mkwe alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya jiko, akigeuza maandazi kwa kijiti. Nilikuwa nimejiandaa kusema nisamehe, mama. Maneno ni hayo tu, hata mtoto wa darasa la kwanza anayaweza. Badala yake nilijisikia nikisema, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Hata katika kuomba radhi nilimfanya yeye ndiye mwenye kosa.

Alitoa andazi moja, akalikung'uta mafuta. "Ningekwambia lini?" alisema. "Na ningekwambia ili iweje?" Akageuza jingine. "Mwanamke mwenye uchungu anataka kitu cha kushika, mwanangu. Mimi sikumwambia mtu yeyote kwamba jiwe litamzalisha. Niliwaambia walibane. Waliobana walibana. Kioo au feruzi, mkono haujui."

"Mama..."

"Mtoto wako analia," alisema, na kweli mtoto alikuwa analia, nikaenda.

Baada ya hapo ikaja operesheni ya vijiji, na walimu tulitawanywa. Nilipangiwa kijiji kipya upande wa Mikumi, watu waliohamishwa kutoka mashamba mbalimbali na familia chache za wafugaji, nyumba za nyasi zimepangwa mstari kama darasa. Mume wangu alibaki na treni zake, akija likizo. Mama mkwe alisema yeye amezeeka kuhamishwa, atabaki Magomeni na jiko lake. Hakuna aliyemlazimisha, nami sikumbembeleza sana. Nilihisi nafuu. Hilo nalo ni la kulijutia.

Pale kijijini kulikuwa na kijito chenye mawe mekundu, yaleyale. Mkulima mmoja, baba wa watoto wanne, aliniletea kiganja kizima. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu anajua mawe.

"Mwalimu, haya si yakuti?"

Niliyatambua mara moja. Ganeti, yenye nyufa, yasiyofaa kitu. Lakini nilikwisha kuapa kwamba sitamvunja mtu mwingine moyo kwa lenzi ile. "Sijui," nilimwambia. "Labda."

Nilidhani nimekuwa mtu mwema. Yule bwana alichukua labda yangu akaenda nayo mtoni. Alichimba kiangazi kizima. Shamba lake jipya, ambalo kila familia ilikuwa imepewa kulisafisha kabla ya mvua, lilibaki na visiki. Alijaza gunia zima la mawe mekundu, akalipeleka Morogoro, akarudi mikono mitupu siku ya tatu, na mvua zilipokuja hakuwa na pa kupanda. Mke wake alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba akiomba vibarua vya kupalilia. Siku moja alinikuta kisimani.

"Mwalimu, wewe ulijua?" aliniuliza.

Nilimwambia nilikuwa na wasiwasi. Alinitazama, akajitwika ndoo yake, akaenda.

Mwezi huohuo mama mkwe wangu alikuja kunitembelea. Alishuka kwenye treni ya tawi na kapu la maandazi na khanga mbili za wajukuu, amekonda, anatembea taratibu. Alikaa siku tatu. Siku ya pili, tukiwa tumekaa kizingitini, nilimsimulia habari ya yule mkulima. Sijui kwa nini nilimsimulia yeye. Nadhani nilitaka kumwonyesha kwamba nilikuwa nimejaribu kubadilika na hata hivyo nimeharibu.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemwambia," alisema. "Ukweli mtu haunyimwi. Mtu ana watoto, unamwachaje achimbe?"

"Niliogopa kumwumiza, mama."

"Angeumia, ndiyo. Ungemwita pembeni, ukamwambia yeye peke yake, akaumia faraghani, akaenda kulima." Akafuta uso kwa pindo la khanga. "Kumwambia mtu si kosa. Ni wapi unapomwambia, na nani amekaa anatazama."

Hakunitazama aliposema hayo, alikuwa anawatazama kuku. Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema tu, mama, na mimi nilikosea mahali. Nikasema, "Ni kweli, mama," nikaingia ndani kutazama maharage yaliyokuwa hayajachemka bado.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza stesheni ya Mikumi. Alikuwa ameshapanda, amekaa dirishani, kapu tupu mapajani. Nilijua nisiposema pale sitasema tena.

"Mama," nilisema, "ile siku ya darasa..."

"Siku ipi?" aliuliza.

Sikujua kama amesahau, au ananirahisishia, au anataka nitamke mwenyewe siku yenyewe na nilichokifanya. Watu walikuwa wanapita na mizigo. Bwana mmoja alikuwa ananiomba nisogee apandishe baiskeli.

"Basi, mama," nilisema. "Usalimie nyumbani."

"Haya, mwanangu. Funga watoto khanga, asubuhi kuna baridi huku."

Treni ikaondoka.

Alikufa mwaka uliofuata, homa ya siku nne. Simu ya maandishi ilifika kijijini ikiwa imechelewa, na treni ya tawi haikuwa ya kila siku. Nilipofika Magomeni walikuwa wameshazika tangu jana yake. Mume wangu alikuwa amekaa na wanaume nje, akanipokea mzigo, akasema tu, "Umefika." Hakunilaumu kwa kuchelewa, wala siku ile wala baadaye. Nilikuwa nataka anilaumu.

Ndani walijaa wanawake. Niliowafundisha walikuwepo, wengine na watoto ambao niliwajua tangu wakiwa tumboni. Yule jirani kijana, sasa mama wa watatu, alinisogezea nafasi kwenye mkeka. Alikuwa amemuuguza siku zote nne.

"Aliniuliza kama umepewa habari," aliniambia. "Nikamwambia umepewa, uko njiani. Nilimdanganya, mwalimu. Simu ilikuwa bado haijapelekwa."

"Akasemaje?"

"Akasema vizuri. Akataka maji."

Nilimwomba anieleze zaidi, chochote, neno lolote alilolisema juu yangu. Alikuwa mtu mkweli. Akasema hapana, hakukumbuka jingine. Kisha akainuka kwa sababu sufuria ya wageni ilikuwa inamwagika, na mwanamke mwingine akanipa ndoo, akaniambia maji yamekwisha. Nikatoka kwenda kisimani, nikapanga foleni nyuma ya wanawake wengine wa Magomeni, nao walinipa pole mmoja baada ya mwingine, nami niliitikia kila mmoja.